Hata Lini? Namna ya Kuomba Zaburi za Maombolezo Wakati wa Dhiki

Mkristo aliyefiwa, aliyeachishwa kazi au anayeuguza mgonjwa asiyepona huambiwa mengi kwa siku moja. "Mungu ana makusudi." "Usilie hivyo, utamkufuru." "Shukuru kwa kila jambo." Mgeni wa mwisho akishaaga, mwenye shida anabaki na mzigo uleule, na sasa hana hata la kumwambia Mungu, maana kila lililomo moyoni ameambiwa halisemwi.

Biblia haikumfungia mlango huo. Kati ya zaburi 150, takriban theluthi moja ni za maombolezo: watu wanamwuliza Mungu yuko wapi, mbona amenyamaza, atachelewa mpaka lini. Zimo katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu, na nyingi zimeandikiwa maelekezo ya mwimbishaji. Yaani ziliimbwa ibadani, mbele za watu, bila mtu kuonewa haya.

Hapa tunaeleza namna ya kuziomba hatua kwa hatua. Mfano wetu mkuu ni Zaburi 13, kwa kuwa ina aya 6 tu na viungo vyote vimo.

Kwanza, tofauti ya kulia na kunung'unika

Wengi wanaogopa zaburi hizi kwa sababu wanakumbuka Waisraeli walivyoadhibiwa jangwani kwa manung'uniko. Hofu hiyo ina msingi, ila soma vizuri kitabu cha Hesabu. Katika sura ya 14 watu wanasemezana wao kwa wao, wanamsema Mungu pembeni, kisha wanapanga kuchagua kiongozi awarudishe Misri. Katika sura ya 11 Musa naye analalamika, tena kwa maneno makali kuliko yao: anamwuliza Mungu kwa nini amemtenda vibaya, na anaomba auawe kuliko kuendelea hivyo. Musa hakuadhibiwa. Alipewa wazee 70 wa kumsaidia kubeba mzigo.

Ukali wa maneno, basi, siyo uliowatenganisha. Musa alikuwa amemwelekea Mungu anaposema. Wale wengine walikuwa wamempa kisogo. Hiki ndicho kipimo cha kuangalia kila siku unapoomba: je, namwambia yeye, au nimeanza kuzungumza habari zake na ukuta? Ukijikuta umetoka kwenye "wewe Bwana" ukaingia kwenye "huyu Mungu gani", rudi kwenye "wewe". Malalamiko yabaki vilevile; badilisha tu unayemwambia.

Maandalizi

Unahitaji Biblia, daftari la bei yoyote, kalamu, na dakika 20. Simu izimwe au iachwe chumba kingine, hata kama ndimo ilimo Biblia yako; ujumbe mmoja wa mdai unatosha kuharibu sala nzima. Kama nyumba ni chumba kimoja na watoto wanne, usisubiri faragha ambayo haitakuja. Toka uani kabla watu hawajaamka, au pita kanisani mchana wakati hakuna ibada.

Wakati mzuri ni asubuhi au alasiri. Usifanye zoezi hili kitandani usiku. Ombolezo linafungua kidonda, na ukilala kikiwa wazi utakesha ukihesabu madeni. Usiku tumia Zaburi 4, ni fupi na inaishia kwenye kulala kwa amani.

Soma kwa sauti. Si lazima majirani wasikie, lakini midomo itikisike na masikio yako yasikie. Ukisoma kimya, macho yanaruka aya zinazouma.

Kuchagua zaburi inayolingana na shida

Usifungue Biblia kwa kubahatisha kidole. Mwenye homa ya muda mrefu au maumivu ya mwili aende Zaburi 6, 38 au 102. Aliyesalitiwa na mtu wa karibu ana Zaburi 41 na hasa 55, ambamo mwombaji anasema wazi kwamba angelikuwa adui angevumilia, lakini huyu alikuwa rafiki waliyekwenda naye nyumbani mwa Mungu. Kwa wanaoonewa na wenye nguvu, mashamba yao yakimegwa au haki yao ikikaliwa ofisini, kuna Zaburi 10 na 94. Mzee anayehofia kuachwa nguvu zinapopungua ana Zaburi 71. Anayekosa usingizi ana 77. Anayeumia kuona walaji rushwa wananawiri huku yeye mwaminifu anakwama, asome 73 yote bila kuacha katikati. Shida ikiwa ya taifa au jamii nzima, vita au ukame, kuna 44, 74 na 80. Na kama dhiki imetokana na kosa lako mwenyewe, usijifiche nyuma ya zaburi ya mtu asiye na hatia. Nenda moja kwa moja 51 au 130.

Kwa waliokulia na vitabu vya zamani vya sala vya Kikatoliki: ukikuta zaburi moja ina namba 12 kwako na 13 kwa mwenzako, hakuna aliyekosea. Hesabu ya Kigiriki na Kilatini iko nyuma kwa moja kuanzia Zaburi ya 10 hadi karibu na mwisho wa kitabu.

Ukishachagua, kaa na zaburi hiyohiyo siku 7. Kurukaruka kila siku zaburi mpya ni kama kubadilisha dawa kabla dozi haijaisha.

Viungo vya ombolezo

Fungua Zaburi 13 sasa.

Jambo la kwanza ni wito. "Ee BWANA." Maneno mawili, lakini ndiyo yanayogeuza kilio kuwa sala. Mtu anayelia bila kumwita yeyote analia tu.

Kisha lalamiko, aya ya 1 na 2. "Hata lini" limerudiwa mara nne, na kila mara linapiga upande tofauti. Mara mbili za kwanza zinamhusu Mungu: utanisahau, utanificha uso wako. Ya tatu inahusu nafsi: mashauri na huzuni moyoni mchana kutwa. Ya nne inahusu watu: adui ametukuka juu yangu. Dhiki ndivyo ilivyo. Aliyefukuzwa kazi hana tatizo la fedha peke yake. Ana swali kwa Mungu, ana mawazo yasiyolala, na ana shemeji anayemcheka. Ukiomba upande mmoja tu, pande mbili zilizobaki zitakusumbua.

Aya ya 3 na 4 ni ombi, tena ombi lenye sababu. "Uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu, nisije nikalala usingizi wa mauti." Angalia ule "nisije": mwombaji anamweleza Mungu kitakachotokea asipoingilia. Waombaji wengi wa kwetu wanaruka sehemu hii kwa adabu, wanasema "Bwana, wewe wajua". Ni kweli anajua. Daudi naye alilifahamu hilo, na bado akataja.

Halafu kuna geuko la aya ya 5: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Hakuna kilichobadilika kati ya aya ya 4 na ya 5. Adui yupo, jibu halijaja. Kilichotokea ni kwamba mwombaji amekumbuka tabia ya anayemwomba. Neno "fadhili" hapo limebeba wema wa agano, wema wa mtu aliyejifunga kwa ahadi, kwa hiyo haupandi na kushuka kufuata hali ya siku.

Mwisho ni sifa, aya ya 6, ambayo kwa hesabu ya mistari ndiyo fupi kuliko lalamiko. Hilo lisikupite.

Wiki moja ya kuomba

Siku ya 1 hadi ya 3, soma tu. Mara tatu kila siku, polepole, kwa sauti. Mara ya tatu simama kwenye neno linalokuchoma na ulirudie. Usiandike kitu bado. Mtu mwenye uchungu mbichi akianza kuandika huandika hukumu.

Siku ya 4 andika lalamiko lako kwa mpangilio wa pande tatu: Mungu, mimi, watu. Mstari mmoja au miwili kila upande. Taja vitu kwa majina yake, kiasi na tarehe. "Bwana, maisha ni magumu" ni maneno yasiyoshika kitu. Linganisha na hili:

"Ee Bwana, huu ni mwezi wa tano nakuomba kazi na sijasikia neno lako. Nimeamka saa tisa usiku siku nne mfululizo nikihesabu ada ya muhula wa pili. Kikundi cha mikopo kimetangaza jina langu mbele ya wanachama, na waliokula kwangu sasa wananipita njiani."

Hapo kuna kitu cha kumkabidhi Mungu, na baadaye kuna kitu cha kupima jibu lake.

Siku ya 5 andika ombi. Ombi moja kubwa na moja la leo. Kubwa: kazi. La leo: nipate usingizi, nipate ujasiri wa kwenda kuongea na mwenye nyumba kabla hajaja yeye. Bila ombi la leo, mtu hukaa miezi akitazama mlima na asione mkate wa siku uliokwisha kuletwa.

Siku ya 6 ndiyo ngumu: geuko. Usijilazimishe kuhisi amani. Andika matendo matatu ya Mungu yaliyokwisha kutokea, yenye tarehe au mahali. Zaburi 77 inafanya hivyohivyo. Baada ya maswali sita mazito kama Mungu amesahau kufadhili, mwombaji anaanza kuyataja matendo ya kale na anaishia Bahari ya Shamu. Kama huna lako hata moja unaloweza kukumbuka leo, na siku nyingine ndivyo inavyokuwa, azima. Azima la mama yako, la kanisa lako, la msalaba. Zaburi 22 inaanza na "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha", na maneno hayo Yesu aliyatumia akiwa msalabani. Aliyeachwa kuliko wote aliazima maneno ya zaburi.

Siku ya 7 soma yote, ya Daudi na yako, kwa mfululizo. Aya ya 6 isome hata kama moyo haujafika. Kama huwezi kuisema kama jambo lililopo, iseme kama nadhiri: nitakapotoka hapa, nitaimba. Zaburi nyingi zinafanya hivyo.

Wiki inayofuata, endelea na zaburi hiyo au chukua nyingine. Usifute ulichoandika.

Panapoharibika

Kosa linaloongoza ni kurukia sifa. Mtu anasoma "hata lini" mara moja kwa haraka, anakimbilia wimbo, na jioni analipuka kwa mkewe au kwa watoto. Lalamiko ambalo halikumfikia Mungu litatafuta mtu wa karibu. Ukiona hasira imeanza kuwaangukia wasiohusika, rudi siku ya 4.

Kosa la pili ni kumtetea Mungu kwa kutafuta mkosaji. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku 7 mchana na usiku walipokaa naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua midomo, na katika sura ya 42 Mungu mwenyewe anawaambia hawakunena yaliyo sawa juu yake. Yesu alipowataja walioangukiwa na mnara wa Siloamu, watu 18, alikataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Basi ukitaka kumwambia mgonjwa "jichunguze, kuna dhambi mahali", nyamaza kwanza siku 7.

Yeremia 29:11 nayo inatumika vibaya mno. Mawazo ya amani na tumaini ni ahadi ya kweli, lakini aya ya 10 inasema ni baada ya miaka 70, na aya ya 5 inawaambia mateka wajenge nyumba huko Babeli na kupanda bustani. Waliosomewa barua ile wakiwa watu wazima wengi hawakurudi. Usimpe mtu aya ya 11 kama hati ya kwamba mambo yatanyooka mwezi ujao. Yasiponyooka, atadhani Mungu ndiye aliyemdanganya. Mpe na aya ya 5: panda kitu hapo ulipo.

Zaburi za laana, kama 109 na mwisho wa 137, zinawatisha watu, na wengine wanazitumia kama uganga wa kumloga jirani. Kazi yake ni kutoa kisasi mkononi mwako na kukiweka mkononi mwa Mungu. Ziombe mara moja, kisha Warumi 12:19, kisha funga Biblia. Usizisome zikiwa na jina la mtu kila usiku.

Kuhusu fedha tuseme bila kuzunguka. Anayekuambia utoe sadaka ya mbegu ya kiasi fulani ili mlango ufunguke, au ununue mafuta na maji ya upako, anauza. Hakuna zaburi ya maombolezo yenye bei. Vilevile, yeyote anayekuagiza uache dawa za shinikizo la damu, insulini au ARV ili kuonyesha imani, usimsikilize. Mfalme Hezekia aliomba, akajibiwa, na bado Isaya akaagiza bonge la tini liwekwe juu ya jipu.

Kufunga nako kuna kiasi. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo asifunge chakula bila kuongea na mtabibu. Afunge kitu kingine. Na mchungaji anayewatenga watu na ndugu zao na kuwafungisha bila kikomo ni wa kukimbiwa na kuripotiwa. Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mchungaji wa namna hiyo.

Mwili nao unaomba

Eliya, katika 1 Wafalme 19, alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Maswali yalikuja baadaye, Horebu, na baada ya maswali akapewa mwenzi wa kazi, Elisha.

Kwa hiyo kula kitu kabla ya kuomba, hata uji. Lala saa zinazowezekana. Ukikosa usingizi au hamu ya kula zaidi ya wiki mbili, ukishindwa kufanya kazi za kawaida, nenda kituo cha afya ueleze hivyohivyo. Sonona ni ugonjwa na ina matibabu. Mawazo ya kujiua yakija, usisubiri wiki iishe: mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, usikae peke yako, mwende hospitali siku hiyohiyo. Kwa aliyeambiwa na mwenzake: kaa naye, ondoa sumu na dawa zilizozagaa, usimwache mpaka mfike.

Kuomba na wengine

Jumuiya ndogondogo, ushirika wa nyumba kwa nyumba au kikundi cha akina mama vinaweza kuomba ombolezo pamoja kwa nusu saa. Watu 4 hadi 8 wanatosha. Mmoja anasoma zaburi yote. Mwenye shida anasoma au kusema lalamiko lake, na hapa sheria ni moja: hakuna anayejibu, hakuna "pole, lakini". Dakika mbili za ukimya. Kisha wote wanasema kwa pamoja aya ya ombi, wakibadilisha "mimi" kuwa "yeye". Mwishoni mtu mwingine, siyo mwenye shida, ndiye anayesoma aya ya tumaini na sifa. Kuna siku mtu hana imani ya kusema aya ya 5, na wenzake wanaisema kwa niaba yake.

Yaliyosemwa yabaki humo. Kikundi kinachotoa siri kama "ombi la maombi" kwenye WhatsApp ya usharika kimekwisha. Hakuna atakayelia tena mbele yake. Na msiondoke bila kuuliza jambo moja la mkono: nani atapeleka unga, nani atamsindikiza hospitali Jumanne.

Zaburi 88

Itafika siku geuko halitokei. Umeandika, umekumbuka, na aya ya 5 haipandi. Kwa siku hiyo kuna Zaburi 88. Ina aya 18, haina geuko la tumaini, haina sifa mwishoni. Neno lake la mwisho linahusu giza. Waliokusanya zaburi wangeweza kuiongezea mstari wa kufurahisha, hawakuiongezea. Iombe kama ilivyo na uishie ilipoishia. Ukiangalia kwa makini, mtu yule anayesema yuko gizani amemwita Mungu katika aya ya 1, ya 9 na ya 13. Bado anabisha hodi.

Dhiki ikipungua, rudi kwenye daftari. Tafuta ukurasa wa siku ya 5, uandike tarehe pembeni ya kila ombi lililojibiwa na namna lilivyojibiwa, hata kama siyo ulivyotaka. Paulo aliomba mwiba wake uondolewe mara tatu, na jibu lililoandikwa ni "Neema yangu yakutosha". Nalo ni jibu, liandike. Ombi ambalo halijajibiwa liachie nafasi wazi. Kama uliweka nadhiri siku ya 7, itimize mbele ya watu, Jumapili moja, kwa dakika tatu zisizozidi. Kisha hifadhi daftari mahali pakavu. Wiki ya dhiki nyingine ikifika, yale matendo matatu ya siku ya 6 utayachukua humo.